Redio Yenu, Sauti ya Mwenzenu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kurusha Podikasti

Bila shaka redio unaijua, na simu unaijua. Leo tunazungumza juu ya vitu hivyo viwili vinapokutana.

Tuseme klabu yenu ya afya shuleni, iwe Kilwa Masoko, Kivinje, Somanga au Lindi mjini, imeamua kuanzisha redio ndogo ya intaneti. Mnara hamna, studio ya bei mbaya hamna. Mna kompyuta moja, kipaza sauti kimoja, mwalimu mlezi na hamu kubwa. Wiki ya kwanza mambo ni moto: salamu, mashairi, mahojiano na nesi wa zahanati. Wiki ya tatu vipindi vimewaishia! Nusu saa moja ya redio inakula kazi ya siku tatu, na mitihani nayo inabisha hodi. Hapo mmoja wenu anasema: "Jamani, si kuna podikasti kibao huko mtandaoni? Tuzichukue, tuzirushe, mambo yaishe."

Wazo zuri hilo, tena zuri sana. Lakini subiri kidogo. Ukirusha kipindi cha afya alichotengeneza mtu mwingine, msikilizaji wako wa Kilwa hamjui huyo mtu. Anaijua redio yenu. Maneno yakiwa sahihi, mmemsaidia ninyi. Maneno yakiwa ya zamani, ya nchi nyingine, au yakimwanika mtu ambaye hakutaka kuanikwa, mmemuumiza ninyi. Kwa hiyo kabla hujabonyeza kitufe, kuna maswali matatu ya kujiuliza. Tutayapitia moja moja. Kwanza tuelewane maneno.

PODIKASTI NI KITU GANI?

Podikasti ni kipindi cha sauti kinachowekwa kwenye intaneti ili mtu akipakue au akisikilize wakati wowote anaotaka. Redio ya kawaida inakupangia saa: ukichelewa, umekosa. Podikasti inakusubiri wewe. Ukimaliza kuosha vyombo, ipo. Ukitoka shamba, ipo.

Neno lenyewe si la zamani. Liliandikwa mwaka 2004 na mwandishi Ben Hammersley katika gazeti la Uingereza, The Guardian, kwa kuunganisha jina la kifaa cha muziki cha iPod na neno la Kiingereza la utangazaji. Siku hizi huhitaji iPod. Simu yoyote yenye intaneti inatosha.

Podikasti huru ni ile ambayo mwenyewe haitengenezi kwa amri ya kituo kikubwa. Anarekodi mwenyewe au na wenzake, anahariri, anaipandisha mtandaoni. Hapa Tanzania mtangazaji Salama Jabir ana mazungumzo yake yanayoitwa Salama Na. Kule Nairobi, Adelle Onyango alianza Legally Clueless mwaka 2019, ambamo watu wa kawaida husimulia maisha yao wenyewe. Na wapo wengine wengi wasio na majina makubwa: manesi, walimu, vijana wenye simu na la kusema.

KURUSHA VIPINDI VYA WENGINE SI JAMBO GENI

Usidhani ninyi ndio wa kwanza. Mwaka 2008 Redio ya Ujerumani, DW, ilianzisha mfululizo wa vipindi kwa vijana wa Afrika. Kwa Kiswahili uliitwa Noa Bongo, Jenga Maisha Yako. Ilikuwa michezo ya kuigiza na makala juu ya elimu, afya, haki za wasichana na mengineyo. Vipindi viliwekwa mtandaoni, na vituo vidogo vya redio vilivyoshirikiana na DW vikavirusha kwa wasikilizaji wao. Kituo ambacho kisingeweza kulipa waigizaji kumi kilipata mchezo mzima, tena kwa Kiswahili safi.

Je, redio ina nguvu kweli ya kubadili mambo ya afya? Turudi nyuma kidogo. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Wazazi wako wanaukumbuka, waulize. Alikuwepo Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu aliyebaki nyumbani na watoto. Mchezo huo ulifundisha juu ya UKIMWI na uzazi wa mpango.

Watafiti walifanya jambo la werevu. Kwa miaka miwili ya mwanzo mtambo wa Dodoma haukurusha mchezo huo. Ulirusha vipindi vingine. Wakalinganisha. Katika sehemu zilizousikia, watu wengi zaidi walisema wamepunguza wapenzi na wameanza kutumia kondomu kuliko kule ambako mchezo haukusikika. Mwaka 1995 Dodoma nao wakafunguliwa.

Hebu lifikirie hilo ukiwa Nangurukuru, pale malori na mabasi ya barabara ya kusini yanaposimama. Sauti inayotoka redioni inamfikia dereva, mama lishe na mwanafunzi kwa pamoja. Kitu chenye nguvu hivyo kinaweza kujenga, na kinaweza kubomoa.

REDIO YA INTANETI INAFANYAJE KAZI?

Kwa ufupi ni hivi. Kompyuta yenu inapeleka sauti kwenye kompyuta nyingine kubwa inayoitwa seva. Seva inagawa nakala ya sauti kwa kila anayesikiliza. Zipo programu za bure za kazi hiyo. Mojawapo inaitwa Icecast.

Sasa sikiliza hesabu, maana bando halidanganyi. Sauti ya mazungumzo ya ubora wa kawaida hutumia kilobiti 64 kwa sekunde. Kwa saa moja hiyo ni kama megabaiti 29. Msikilizaji mwenye gigabaiti moja anaweza kukusikiliza kwa saa 34 hivi, kama hafanyi kitu kingine. Mkipunguza mpaka kilobiti 32, saa moja inakula megabaiti 14 na nusu tu, na kwa maongezi bado mnasikika vizuri. Lakini mkiweka kilobiti 128 ili muziki uwe mtamu, mnamla msikilizaji wenu karibu megabaiti 58 kwa saa. Anayenunua bando la siku kwa kuunga-unga atawakimbia.

Hesabu ya pili. Watu 20 wakisikiliza saa moja kwa kilobiti 64, kila mmoja kwa simu yake, jumla ni megabaiti 580 hivi. Mkipakua kipindi hicho mara moja na kukicheza kwa spika darasani mbele ya watu haohao 20, ni megabaiti 29 tu. Ndiyo maana redio ndogo ya huku kwetu isitegemee intaneti peke yake. Spika ya klabu na memori kadi ni sehemu ya redio pia.

Na kuna sababu nyingine. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu. Mvua na mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi upande wa Kilwa, magari yakakwama. Kabla mambo hayajatulia, tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania nzima intaneti ikawa ya kobe. Siku kama hizo ndizo watu wanazohitaji sana kujua juu ya maji salama na kipindupindu. Klabu yenye vipindi vyake kwenye memori kadi inaendelea. Inayotegemea mtandao peke yake inanyamaza.

Jambo la sheria nalo tusiliruke. Kutoa vipindi mtandaoni kuna kanuni zake nchini, na Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, ndiyo inayozisimamia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020, na zimerekebishwa tena baadaye. Kwa hiyo msifuate maneno ya mtaani. Mwalimu mlezi au asasi inayowalea iulize TCRA kwanza kama redio yenu inahitaji leseni, na jina la kwenye karatasi liwe la mtu mzima anayewajibika, si la mwanafunzi wa kidato cha pili.

SWALI LA KWANZA: MMERUHUSIWA NA NANI?

Wengi husema: "Si ipo bure mtandaoni?" Bure kusikiliza, ndiyo. Kuirusha ni habari nyingine. Embe la jirani lililoning'inia njiani unaweza kulitazama bure kutwa nzima. Kulichuma ukaliuze ni lazima ubishe hodi.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi inayoshughulikia mambo hayo ni COSOTA. Aliyetengeneza kipindi ndiye mwenye haki ya kuamua nani akirushe. Hahitaji kuwa maarufu. Hata nesi aliyerekodi kwa simu chini ya mkorosho ana haki hiyo.

Wapo watengenezaji wanaotoa ruhusa mapema kwa watu wote. Tangu mwaka 2002 kuna leseni za Creative Commons. Ukiona alama hizo kwenye ukurasa wa podikasti, soma herufi zake:

BY: unaweza kutumia, ila mtaje mwenyewe.
NC: usitumie kwa biashara. Kama redio yenu inauza matangazo, simameni hapo mwulize.
ND: usibadilishe. Rusha nzima kama ilivyo, usikate wala usiongeze.
SA: ukitengeneza kitu kipya kutokana nayo, nacho kitoe kwa masharti hayohayo.

Kama hakuna alama yoyote, maana yake haki zote ni za mwenyewe. Mwandikieni. Watengenezaji huru wengi hufurahi, maana wanatafuta wasikilizaji na ninyi mnao. Barua yenyewe haihitaji Kiswahili cha bungeni. Mfano huu hapa:

"Shikamoo. Sisi ni klabu ya afya ya shule ya sekondari wilayani Kilwa. Tuna redio ndogo ya intaneti, haiuzi matangazo. Tumesikiliza kipindi chako kuhusu hedhi na kimetusaidia. Tunaomba ruhusa ya kukirusha mara mbili mwezi ujao, na kukicheza kwa spika katika mkutano wa klabu. Tutataja jina lako mwanzo na mwisho. Je, tunaweza kukifupisha? Je, kuna jambo ndani yake ambalo limebadilika tangu ulipokirekodi? Waliozungumza wanakubali kisikike redioni? Mwalimu mlezi wetu amesaini hapa chini. Ahsante."

Umeona maswali matatu ya mwisho? Hayo ndiyo yanayoitofautisha barua hii na maombi ya kawaida. Jibu likija, litunzeni. Likikawia, subirini. Kimya si ruhusa.

Na angalieni muziki. Mwenye podikasti anaweza kuwaruhusu maneno yake, lakini wimbo uliomo ndani ni wa msanii mwingine. Mwombeni awape nakala isiyo na wimbo, kama anayo.

SWALI LA PILI: KIPINDI HIKI NI CHA LINI, NA CHA WAPI?

Gazeti la zamani lina rangi ya njano, ukiliona tu unajua. Podikasti haina njano. Ya mwaka 2018 inasikika freshi kama ya jana. Hapo ndipo penye mtego.

Chukua mfano wa chanjo ya HPV, inayowakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018. Wakati huo walengwa walikuwa wasichana wa miaka 14, na dozi zilikuwa mbili. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana. Aprili 2024 Tanzania ikahamia dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Sasa mmerusha podikasti nzuri ya mwaka 2019. Msichana wa miaka 11 kule Songo Songo anasikia "miaka 14", anajiambia, bado mimi. Boti ya wahudumu inakuja, inaondoka. Mwingine aliyechanjwa dozi moja anasikia "dozi mbili", anaanza kuhangaika na kudhani amedhulumiwa. Hakuna aliyesema uongo. Aliyerekodi 2019 alisema kweli ya 2019.

Mfano mwingine unaujua nyumbani kwenu: malaria. Bibi yako alitibiwa kwa klorokwini. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, ikaingia SP. Mwaka 2006 SP nayo ikaachwa kwa matibabu ya kawaida, ikaja dawa ya mseto. Kila tangazo la redio lilikuwa sahihi siku yake.

Sheria nazo hubadilika. Kipindi cha zamani kitasema kijana wa chini ya miaka 18 hawezi kupima VVU bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Novemba 2019 Bunge lilibadilisha sheria, umri ukashuka hadi miaka 15. Kipindi kingine kitasema msichana aliyejifungua hawezi kurudi shule ya serikali. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi. Fikiria dada aliyekaa nyumbani na mtoto mgongoni, anasikia redio ya wanafunzi wenzake ikimwambia mlango umefungwa, wakati mlango uko wazi. Nani atamrudishia mwaka huo?

Halafu kuna suala la wapi. Kiswahili kinavuka mipaka, lakini utaratibu wa hospitali hauvuki. Kenya ilianza chanjo ya HPV Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, wakati sisi bado tulikuwa kwenye 14. Mtu akisikia Kiswahili tu redioni, hawezi kujua kama anaambiwa ya Kenya au ya kwetu. Namba za simu za msaada pia hutofautiana, na majina ya dawa hutofautiana.

Mtafanya nini basi? Msiitupe podikasti nzuri kwa sababu ya sentensi moja iliyopitwa na wakati. Kwanza, tafuteni tarehe ya kurekodiwa, si tarehe mliyoipata ninyi. Pili, mtu mmoja asikilize na kalamu mkononi, aandike kila umri, kila dozi, kila namba na kila sheria iliyotajwa. Tatu, pelekeni karatasi hiyo kwa mhudumu wa afya. Kwa watu wa Kivinje ipo Hospitali ya Kinyonga. Lindi mjini ipo Sokoine. Kwingine zahanati haikosekani. Dakika kumi za muuguzi zinawatosha. Nne, mwekeni mtangazaji aseme kabla ya kipindi: "Kipindi hiki kilirekodiwa mwaka 2019. Tangu hapo jambo moja limebadilika, nalo ni hili." Kisha lirudieni mwisho, maana wapo waliochelewa kufungua.

SWALI LA TATU: HII SAUTI NI YA NANI?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalosahaulika.

Tuseme mwanamke mmoja alikubali kuongea kwenye podikasti Dar es Salaam. Anaishi na VVU, anameza dawa, ana afya njema, na anataka kuwatia moyo wengine. Jina lake halikutajwa. Lakini alisema alikulia Kivinje, marehemu baba yake alikuwa fundi wa majahazi, na yeye ana mapacha. Dar es Salaam ina watu mamilioni. Maneno hayo hayamtambulishi kwa yeyote. Leteni kipindi hichohicho Kilwa. Sentensi ya pili tu, shangazi mmoja jikoni anaacha kukuna nazi. "Ee! Si mtoto wa fulani huyu?" Jioni habari imefika sokoni, na kesho yake mapacha wanaulizwa shuleni.

Jina lilifichwa, mtu hakufichwa. Huku kwetu watu wanajuana kwa sauti, kwa ukoo na kwa mtaa. Ridhaa aliyoitoa mama yule ilikuwa ya kusikika kwenye podikasti ile, kwa wasikilizaji wale. Hakuombwa ridhaa ya kusikika nyumbani kwao.

Sheria nayo ipo upande wake. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mtu aliyepima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa ni za kulindwa kwa namna ya pekee. Lakini hata bila sheria, jiulize: huyu angekuwa mama yako mdogo, ungebonyeza?

Kwa hiyo ikiwa ndani ya kipindi kuna mtu anayesimulia ugonjwa wake, mimba yake, kubakwa au kupigwa, mwulizeni mwenye podikasti kama msimulizi mwenyewe anakubali kirushwe pwani ya Lindi. Mtajeni na mahali. Akikataa, au asipopatikana, acheni hiyo sehemu. Mnaweza kueleza kwa maneno yenu bila alama zinazomtambulisha. Kama msimulizi ni mtoto, kuweni wakali zaidi.

UKIKATA, KATA KWA AKILI

Podikasti ina dakika 47, nafasi yenu ni 30. Umeruhusiwa kufupisha. Unakata nini?

Hapa kuna mfano wa kuogopesha. Kipindi kinazungumzia aliyebakwa. Daktari anasema kuna dawa zinazoitwa PEP, za kuzuia VVU baada ya tukio. Halafu anapiga stori kidogo, anacheka, anaongeza: "Lakini lazima uanze kabla ya saa 72 kupita, na mapema ndiyo bora." Mhariri anaona hapo ni porojo, anakata. Kipindi kimebaki kitamu na kifupi. Aliyesikia anajua dawa ipo, ila hajui kwamba siku tatu zikipita imemtoka. Anasubiri wiki nzima apate nauli au ujasiri, na anafika hospitali akiwa amechelewa.

Kwa hiyo kata salamu, kata utani, kata marudio. Usikate namba, usikate neno "lakini", na usikate jibu la swali ambalo umeliacha. Mkimaliza, mpeni asikilize mtu ambaye hakuisikia ile ndefu, aseme alichoelewa. Akielewa tofauti, rudini mezani.

BAADA YA KIPINDI

Kipindi cha afya kinaamsha mambo. Msikilizaji mmoja atakuwa na swali, mwingine atakuwa na kidonda. Msimwache peke yake. Mwisho wa kila kipindi semeni wapi pa kwenda: kituo cha afya kilicho jirani, mwalimu wa malezi, na namba 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto nchini. Mkiweza, mwombeni mhudumu wa afya akae nanyi dakika kumi za maswali, kwa Kiswahili cha kwetu. Hapo ndipo podikasti ya mgeni inageuka kuwa mazungumzo yenu wenyewe. Anayeuliza asitajwe jina hewani.

Na siri za watu zitakazowafikia kwa ujumbe zisigeuzwe mada ya bwenini. Mkipata ujumbe unaoonyesha mtu yuko hatarini, mpelekeeni mwalimu mlezi siku ileile.

ORODHA YA KUBANDIKA UKUTANI

1. Tunajua nani ametengeneza kipindi, na tuna ruhusa yake kwa maandishi au tumesoma leseni yake.
2. Tunajua kilirekodiwa mwaka gani na kilitengenezwa kwa watu wa nchi gani.
3. Kila umri, dozi, namba na sheria vimepitiwa na mhudumu wa afya.
4. Wanaosimulia maisha yao wamekubali kusikika huku kwetu.
5. Tulipofupisha hatukubadilisha maana.
6. Mtangazaji atamtaja mwenye kipindi na atasema kilichobadilika.
7. Mwisho tunaeleza wapi pa kupata msaada.
8. Nakala ipo kwenye memori kadi, ila inachezwa pale tu tuliporuhusiwa.

Ikikosekana moja, kipindi kisubiri wiki ijayo. Wekeni mashairi, wekeni mahojiano na mvuvi wa Masoko juu ya kuungua jua na maumivu ya mgongo. Redio haifi kwa kuchelewesha kipindi kimoja.

ZUNGUMZENI KWENYE KLABU

Kuna podikasti tamu sana juu ya mapenzi na mahusiano, lakini imetengenezwa kwa watu wazima. Wanaosikiliza redio yenu ni pamoja na wadogo zenu wa darasa la tano. Mtairusha yote, sehemu, au mtaiacha? Nani aamue, wanafunzi, mwalimu au wazazi?

Mmerusha kipindi, kesho yake mmegundua namba moja ilikuwa na kosa. Mtasahihisha vipi ili wale wote waliosikia wajue? Je, inatosha kusahihisha mara moja?

Mwenye podikasti amewaruhusu, lakini amesema msikate hata neno. Ndani yake kuna taarifa ya chanjo iliyopitwa na wakati. Mtafanyaje bila kuvunja masharti yake na bila kumpotosha msikilizaji?

Jadilianeni, bishaneni kwa heshima, andikeni mliyokubaliana. Hayo mtakayoandika ndiyo kanuni za redio yenu, na yeyote atakayekaa kwenye kipaza sauti baada yenu atayakuta.